UCHAMBUZI: Mpenzi wa sauti safi ataacha lini kubadilisha mitambo astarehe na muziki?

MNAMO Julai 2022, mwenye duka la santuri jijini Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, alipakia video katika mtandao wa YouTube na kutoa madai yaliyowatia kiwewe wateja wake. Alisema amepata habari kwamba santuri za kampuni ya Mobile Fidelity, ambazo kwa miaka mingi zilisifiwa kuwa zimetolewa moja kwa moja kutoka kwa kanda asilia za studio, hazikutengenezwa hivyo. Kati ya kanda ile na santuri anayoinunua mteja palikuwa na hatua isiyotajwa. Sauti iligeuzwa kwanza kuwa nambari za kidijitali, kisha nambari hizo ndizo zilizotumika kuchonga santuri.

Siku chache baadaye mwenye duka huyo alialikwa California, makao ya kampuni hiyo, na wahandisi wake wakakiri mbele yake. Mtindo huo ulikuwa umeanza mwaka wa 2011. Kesi zilifuata mahakamani, na mwaka wa 2023 kampuni ikaingia katika mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola milioni 25, yaani zaidi ya Sh3 bilioni kwa thamani ya leo.

Huenda msomaji akauliza kelele zote hizi ni za nini, ilhali santuri zenyewe zilikuwa zikilia vizuri. Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wetu.

Wanaozungumziwa ni watu ambao kwao haitoshi muziki usikike tu; sharti usikike kana kwamba mwimbaji ameketi pale pale sebuleni. Hununua gramafoni, amplifaya, spika na nyaya, kila kimoja kutoka kampuni yake, wakaviunganisha kwa uangalifu mkubwa. Baada ya miezi michache huuza kimoja na kununua kingine kilicho ghali zaidi. Wengi wao huamini kuwa dijitali huondoa uhai katika sauti, na kwamba mwenye masikio makini huitambua papo hapo.

Basi kwa muda wa miaka 11 watu hao hao walinunua santuri za Mobile Fidelity, baadhi zikiuzwa kwa dola 125 kila moja, na kuzisifu kwa ule ule uhai ambao walishikilia kuwa dijitali haina. Ilipotoka ile video, santuri zilizokuwa rafuni mwao hazikubadilika hata chembe. Mifereo yake ilikuwa ile ile na sindano ilipita pale pale. Kilichobadilika ni habari. Usiku mmoja ulitosha kuwafanya baadhi yao waanze kusikia kasoro katika kitu walichokuwa wamekistahi kwa muongo mzima.

Swali la iwapo mashabiki wa mitambo ya sauti wanaweza kuacha kununua na kuanza kustarehe na muziki limekuwapo kwa miaka mingi, na kwa kawaida hujibiwa kwa mzaha. Kisa hiki kinatupatia jibu lenye uzito. Masikio yao yalikuwa yamekwisha kuridhika. Kisichoridhika ni kitu kingine kilicho ndani ya mtu, na biashara nzima ya mitambo hii imejengwa juu ya kukilisha kitu hicho.

Hata hivyo, tusiwahukumu upesi. Kulikuwa na wakati ambapo hamu ya kutafuta mtambo bora ilikuwa na sababu ya haki. Siti binti Saad wa Unguja aliposafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo zake, santuri za zama hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika na upande mmoja ulichukua dakika chache tu. Wimbo wa taarabu ambao barazani ungeendelea hadi wasikilizaji watosheke ulilazimika kukatwa ili uenee. Sauti nzito za chini na zile nyembamba za juu zilipotea, na mkwaruzo ukajaza pengo.

Mwaka wa 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ndefu zilizochukua zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwishoni mwa miaka ya 1950 zikaja santuri za sauti mbili, kushoto na kulia. Kila hatua kati ya hizo mtu yeyote aliweza kuisikia, hata mtoto, hata asiyependa muziki. Aliyebadilisha mtambo wake alipata kitu kwa fedha zake.

Kisha mnamo Oktoba 1982 kampuni ya Sony ilianza kuuza nchini Japani kichezeshi cha kwanza cha CD. Ndani ya kisahani hicho, kilichobuniwa na Sony pamoja na Philips, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo hadi takriban 20,000 kwa sekunde, na ili kuihifadhi yote inatakiwa kupima zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Kwa mtu wa makamo hata hiyo 20,000 ni ndoto, maana sauti za juu ndizo hututoka kwanza umri unaposonga. (Ajabu ni kwamba wenye uwezo wa kununua mitambo ya mamilioni aghalabu ni wazee ambao masikio yao yamekwisha kuziaga sauti hizo.)

Ngazi ilikuwa imefika darini. Lakini wauzaji wa ngazi hawakufunga maduka. Mwaka wa 1999 ilikuja SACD, na mwaka uliofuata DVD-Audio, zote zikiahidi mambo ambayo CD haikuweza. Mwaka wa 2014 mwanamuziki Neil Young aliwachangisha wapenzi wa muziki zaidi ya dola milioni sita ili kutengeneza kichezeshi alichokiita Pono. Kiliuzwa dola 399, na kufikia mwaka wa 2017 kilikuwa kimeondolewa sokoni. Mfumo mwingine, MQA, ulisifiwa sana na majarida ya fani hii, kisha mwaka wa 2023 kampuni iliyoumiliki ikaingia katika usimamizi wa wafilisi kabla ya kununuliwa na wengine.

Je, kulikuwa na tofauti yoyote ya kusikika? Mwaka wa 2007, Brad Meyer na David Moran wa Boston walichapisha matokeo ya jaribio katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti. Waliwachezea wasikilizaji muziki wa SACD na DVD-Audio, mara ukiwa vile ulivyo, mara ukiwa umepitishwa katika kipimo cha CD, bila kuwaambia upi ni upi. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia mara 276. Anayerusha sarafu hewani na kukisia angepata takriban hivyo hivyo.

Kwa kusema haki, mjadala haukuishia hapo. Mwaka wa 2016, Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary jijini London alikusanya tafiti 18 za aina hiyo na kukuta kuwa kwa jumla wasikilizaji walipatia asilimia 52.3, na waliopewa mafunzo wakakaribia asilimia 60. Kwa hiyo huenda kuna kitu. Lakini ni kitu chembamba kiasi kwamba mtu sharti afunzwe kukitafuta, na hata baada ya kufunzwa hukosea mara nne kati ya kumi. Sioni vipi kitu cha namna hiyo kinaweza kumzuia mtu kuufurahia wimbo anaoupenda.

Uchunguzi unaonipa mimi mafunzo zaidi ni ule wa Floyd Toole na Sean Olive wa mwaka wa 1994. Waliwapa wasikilizaji spika kadhaa wazipe alama, kwanza zikiwa nyuma ya pazia, kisha zikionekana. Spika kubwa za kupendeza zilipanda alama mara tu pazia lilipoondolewa, nazo ndogo za plastiki zikashuka. Wasikilizaji hao hawakuwa wakidanganya. Waliisikia kweli ile tofauti, kwa sababu jicho na bei husaidia sikio kuamua. Ndiyo maana ni kazi bure kumwambia shabiki wa nyaya za dola elfu saba kwamba anajidanganya. Yeye anasikia. Tatizo ni kwamba anachokisikia kitadumu kwa muda ule ule ambao upya wa waya utadumu.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtambo mpya unapofika nyumbani mwenyewe huketi akausikiliza kwa makini ambayo hakuwa ameupa muziki kwa miezi mingi. Anasikia kupumua kwa mwimbaji, kidole kikiteleza kwenye uzi wa gitaa, kiti kikilia studioni. Hushangaa na kusema kuwa mtambo wa zamani haukuwa na haya. Mara nyingi yalikuwapo. Aliyekosekana ni msikilizaji. Wiki sita baadaye mazoea huingia, makini hupungua, na ile sauti tukufu huwa sauti ya kawaida ya sebuleni. Naye, badala ya kujiuliza amekwenda wapi, huuliza amplifaya ina kasoro gani.

Amplifaya ikibadilishwa huziaibisha spika, spika mpya zikaiaibisha gramafoni. Mwaka wa 1769 mwandishi Mfaransa Denis Diderot alieleza jinsi alivyopata joho jipya la kuvaa nyumbani, kisha akaanza kuona haya kwa ajili ya kiti chake, meza yake na picha zilizokuwa ukutani, akavibadilisha kimoja baada ya kingine hadi akalikumbuka kwa majonzi joho lake kuukuu. Hakuwa na spika hata moja, lakini angeelewana vyema na wanachama wa kundi hili.

Madhara makubwa, kwa maoni yangu, hayako mfukoni. Yako katika namna ya kusikiliza. Anayelinganisha mitambo husikiliza kipande cha nusu dakika, akasimama, akabadilisha waya, akarudia kipande kile kile. Akifanya hivyo kwa miaka, wimbo huacha kuwa wimbo ukawa kama futi ya fundi seremala, kifaa cha kupimia kitu kingine. Wapo wenye mitambo ya thamani ya nyumba ambao nyimbo wanazocheza hazizidi 20, zilizochaguliwa kwa sababu zilirekodiwa vizuri na si kwa sababu zinawagusa. Huyo hata akiacha kununua leo hatastarehe kesho, kwa kuwa amejifunza kusikiliza kama mkaguzi na ukaguzi hauna mwisho.

Mfano wa kuhuzunisha zaidi ni wa Ken Fritz wa Richmond, jimbo la Virginia, ambaye filamu ilitengenezwa kumhusu kabla ya kifo chake mwaka wa 2022. Kwa miongo kadhaa Fritz alijenga mtambo uliomgharimu takriban dola milioni moja. Aliongeza chumba maalumu nyumbani kwake kwa ajili ya sauti tu, na spika zake akazitengeneza mwenyewe. Mnamo Januari 2024 gazeti la Washington Post lilisimulia upande wa pili wa kazi hiyo, yaani miaka ambayo familia yake iliishi chini ya kivuli cha mtambo, na jinsi alivyokosana na mwanawe. Baada ya kifo chake mtambo uliuzwa vipande vipande. Jumla ya fedha zilizopatikana ilikuwa dola 156,800.

Simtaji ili acheke anayetaka kucheka. Fritz alikuwa mjenzi, na kujenga ni furaha yenye heshima yake, sawa na anayefungua injini ya gari kuukuu kila Jumamosi. Mtu akikiri kwamba anachokipenda ni mitambo, sina ugomvi naye. Wasiwasi wangu ni kwa anayesema anatafuta muziki, akaahirisha kuufurahia hadi siku mtambo utakapokamilika.

Na tusidhani kuwa ugonjwa huu ni wa Wamarekani matajiri. Yeyote aliyepita Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ambayo kwa miaka na mikaka imekuwa kimbilio la wanunuzi wa redio na spika, anaijua ile hali ya kuona ulichonacho kikizeeka ghafla. Nami sijitoi. Nimewahi kusimama pale mbele ya spika zilizokuwa zikitetemesha kioo cha duka, nikaamini kabisa kuwa redio niliyoiacha nyumbani ni bovu, ilhali asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimesikiliza nayo Les Wanyika bila kuona kasoro. Wenye matatu nao hushindana kwa spika mwaka nenda mwaka rudi. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 hazijawatia hofu kubwa, ingawa wao angalau hawajifichi, kwani wanataka mdundo uwavute abiria.

Kuna mambo yanayobadilisha sauti kweli, na mengi hayana bei ya kutisha. Spika ndizo hutofautiana zaidi, kuliko amplifaya na kuliko nyaya. Chumba chenyewe hutenda kazi kubwa, kwa kuwa sakafu tupu na kuta tupu hurudisha mwangwi unaovuruga maneno ya mwimbaji. Zulia, mapazia mazito, kabati la vitabu na kuisogeza spika mbali kidogo na kona huleta tofauti ambayo hata jirani ataisikia. Shirika la BBC lilibuni spika ndogo miaka ya 1970 kwa ajili ya magari yake ya utangazaji, na hadi leo kuna viwanda vinavyozitengeneza kwa muundo ule ule na wateja wanazinunua. Sijui namna bora ya kueleza kuwa tatizo hili lilitatuliwa zamani.

Upande wa muziki wenyewe hali ni hiyo hiyo. Mwaka wa 2021, mwaka ambao Spotify iliingia Kenya, kampuni ya Apple ilianza kuwapa wateja wa huduma yake ya muziki nyimbo zisizopunguzwa ubora bila kuongeza ada. Kitu ambacho mtu alikitafuta maisha yake yote sasa hupatikana katika simu. Ilitarajiwa basi kwamba watu watulie. Badala yake, takwimu za chama cha kampuni za kurekodi za Marekani zilionyesha kuwa mwaka wa 2022 santuri, kwa idadi, ziliuzwa kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987. Ni takriban milioni 41 dhidi ya milioni 33.

Wengine wameona katika takwimu hizo uthibitisho kwamba santuri hulia vizuri zaidi. Mimi naona jambo jingine. Santuri humlazimisha mtu aketi. Lazima aitoe kwenye jalada, aipanguse vumbi, ateremshe sindano, na baada ya dakika 20 ainuke aigeuze. Hawezi kuruka kutoka wimbo hadi wimbo kwa kidole. Wanunuzi hawa huenda wanalipia, bila kujua, ule utulivu wa kusikiliza ambao hakuna amplifaya inayouuza.

Jinsi utulivu huo unavyoweza kufanya kazi na vifaa duni tunajua kutoka kwetu. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi nyimbo, alifika Kapkatet huko Kericho na kuwanasa wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu kiumbe waliyemwita Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933. Sauti yake ilikuwa imefika huko kwa santuri zilizochezwa katika gramafoni za zama hizo, zenye sindano ya chuma na mikwaruzo tele. Kwa kipimo chochote cha wahandisi ilikuwa sauti mbovu. Waliosikiliza waliisikiliza hadi ikawazalia wimbo wao wenyewe.

Mwaka wa 2015 rekodi hizo zilirejeshwa Kapkatet, na wazee waliokuwa vijana Tracey alipopita wakazisikia. Lakini kuna muziki mwingi wetu ambao haukupata bahati hiyo. Nyimbo nyingi zilizorekodiwa Nairobi tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980 zimebaki katika santuri ndogo zilizochakaa, zinazosakwa na wakusanyaji katika vibanda vya Kenyatta Market. Ketebul Music, ambayo mwaka wa 2008 ilitoa kazi yake kuhusu chimbuko la benga, ni miongoni mwa wachache waliojitolea kuzifuatilia. Mtambo wa dola milioni moja hauwezi kucheza wimbo ambao kanda yake imeoza. Bei ya waya mmoja wa spika, kule ambako nyaya huuzwa kwa maelfu ya dola, ingetosha kuokoa kanda kadhaa.

Turudi kwa wale wateja wa Mobile Fidelity. Mapatano ya mahakamani yaliwapa hiari. Aliyetaka angeirudisha santuri na kulipwa bei yote aliyotoa, na asiyetaka angebaki nayo na kurejeshewa sehemu ndogo tu ya fedha. Kila mmoja ilibidi aamue peke yake, nyumbani kwake, akiwa na fomu mkononi na santuri ile ile ikizunguka mbele yake.